Picha Isiyo na Pacha

Dada yangu mpendwa,

Nakuomba kwanza ufunge mlango, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Hata shemeji asijue. Namheshimu sana, lakini mdomo wake hauna kufuli.

Natumaini u mzima na goti limekupa nafuu. Watoto nawasalimu. Mwili wangu hauna neno, ila moyo unaruka kila mtu anapobisha hodi.

Utakumbuka Baba alivyokuja kunitembelea kazini, kabla hajaanza kuugua. Alipoikuta ile kamera ya Bosi, kubwa kuliko kabati, inayosukumwa na wanaume wawili, aliuliza kama ndani yake mna mpangaji. Bosi akacheka, akampenda, akamsimamisha mbele ya kamera. Picha ikatoka papo hapo tumboni mwa kamera, ndefu kama Baba mwenyewe: karatasi mbili zilizogandana kwa dawa. Ukizibandua, moja ni picha, nyingine hutupwa. Baba alijitazama, kisha akasema kumbe amezeeka bila kuambiwa.

Bosi alibaki na picha, akamwahidi Baba nakala. Nami nilisimama palepale nikijua kwamba kamera ile haina nakala. Hakuna filamu ya kusafishia nyingine, kila picha huzaliwa peke yake. Niliogopa kumsahihisha Bosi mbele ya mgeni. Baba aliondoka akishukuru, na hata kitandani, mpaka siku anafariki, aliendelea kuniuliza picha yake imefika wapi. Nikawa namjibu iko njiani.

Juzi picha hiyo ikapangiwa safari ya maonyesho, nchi ya mbali. Bosi akaniagiza nichape kibandiko: "Mzee Asiyejulikana." Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba huyu ni baba yangu na ana jina. Akanijibu kwamba jina lingeipunguzia picha uzito, na kazi ya karani ni kuchapa. Nilichapa, Dada. Moyo ulikataa, mikono ikatii.

Uliniomba picha yoyote ya Baba, watoto wasije wakamsahau, nikakujibu hakuna. Ipo. Nimeiiba. Ndani ya sanduku linalokwenda maonyesho nimeweka, mahali pake, ile karatasi ya kutupwa, niliyoiokota pipani siku ile. Ina kivuli chake tu: uso mweupe kama majivu, mvi zimegeuka nyeusi. Kibandiko nimekiacha. Huyo kweli hajulikani.

Sanduku litafunguliwa Jumamosi. Hawatanikuta kazini wala chumbani.

Wasalimie wote bila kunitaja. Ni mimi, mdogo wako akupendaye na mwenye hofu.

Ukitaka kunipata, usipige simu. Nenda kwa fundi cherehani wa nyuma ya kituo cha mafuta, yule mwenye kigugumizi, umwambie umefuata mlango. Nilimdanganya kwamba ni mlango nilipompa mzigo wa picha anihifadhie. Atakuelekeza nilipo. Njoo na shuka pana na mtu wa kukusaidia kubeba. Msaidizi wako akitaka kuukunja mzigo ili uenee garini, mkatalie. Baba hakunjiki.