Mota ya Viliame

Jumatatu, 4 Machi 2019

Mota imekufa. Ndivyo alivyosema Emosi, na Savusavu nzima, hapa Fiji, humpelekea Emosi boti zake.

Tuliifikisha bandani kwake asubuhi, mimi na shemeji Asenaca. Ni mota ya betri, iliyotoka kwenye folklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo. Marehemu kaka yangu Viliame, mume wake, aliihangaikia miaka minne ili iendeshe boti yao. Asenaca aliuza mikeka yake wapate vipuri. Viliame alifariki Novemba akisema mota ni nzima, imebaki kuifunga kwenye boti tu.

Emosi aliiunganisha na kisanduku chake cha umeme cha mezani, cha kupimia. Akabonyeza. Shafti ilishtuka kidogo – ikatulia. Taa nyekundu ikawaka kwenye kisanduku. Akarudia. Vile vile.

“Pole, mtani,” akaniambia. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kwetu hao wamezaliwa kutaniana. “Kaka yako alikuwa anafuga maiti.”

Sikucheka. Njiani Asenaca alisema: “Kila nilipomuuliza Viliame, alinitazama machoni akasema inazunguka.”

Jumanne, 5 Machi

Emosi alikuja kwa Asenaca na samaki wa tui na magimbi. Baada ya kula akaiomba mota – kerekere. Ndugu akiomba hivyo mbele ya watu, hanyimwi. Anataka shaba ya ndani tu, alisema.

“Achukue,” alisema Asenaca. “Sitaki kuiona.”

Emosi aliipakia garini kabla chai haijapoa.

Ijumaa, 8 Machi

Picha ya Viliame haipo tena ukutani kwa Asenaca. Nimeandika habari ya gazeti, ya bei ya mbata.

Jumatano, 13 Machi

Boti ya Emosi ilipita gatini leo. Hakuna moshi, hakuna kelele ya petroli. Mvumo mwembamba tu. Alinipungia mkono.

“Mota umeitoa wapi?” nilipaza sauti.

“Suva, mtani. Mzima hanunui kwa wafu.”

Nilirudi ofisini nikafungua picha za ile Jumatatu. Napiga picha kila kitu, ni mazoea ya kazi. Kibati cha mota: volti 24, ampea 110. Kibati cha kisanduku: volti 24, ampea 5. Nyuma ya bega la Emosi – rafu ya betri za lori, zinachajiwa.

Nikampigia Bi Kamla Reddy, anafundisha umeme chuoni mjini Labasa. Alianza kwa kuuliza tulitumia nini kuipima. Nilipomsomea vibati, alicheka. Volti zinalingana, alisema, lakini mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko hata ulioandikwa kwenye kibati chake. Kisanduku cha ampea tano kikizidiwa hujibana chenyewe, kikapunguza umeme. Ndiyo maana ya taa nyekundu.

“Mmesukuma lori kwa kidole, halafu mkasema lori ni bovu.”

Tungetumia nini? Betri ya lori, nyaya nene, fyuzi. Mota ifungwe chini isiruke. Betri moja kwanza, volti kumi na mbili. Mota kama hiyo ikipewa volti zote bila mzigo, inaweza kukimbia mpaka ijivunje.

Nikamtajia ile rafu ya betri, nikauliza kama fundi wa boti anaweza kutolijua hilo.

“Mwenye rafu ya betri za lori? Hapana, kaka.”

Alhamisi, 14 Machi

Nimemweleza Asenaca. Alinisikiliza huku akikuna nazi.

“Emosi alibeba jeneza la Viliame,” alisema.

Kweli. Mbele, upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Nikamwonyesha picha. Akazisukuma pembeni. “Usiniletee namba, shemeji. Nataka kuisikia ikizunguka.”

Baadaye kidogo akaniita nirudi. Kile kibati cha mota, alisema, kimeshikwa na skrubu ya cherehani yake. Viliame aliichomoa bila kumwomba. Walinuniana wiki nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa bandani kwa Emosi. Yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, inazunguka, wanaume wako mkekani, wanawake mlangoni. Nimekuja na betri ya lori, nyaya na fyuzi. Nimeziweka katikati.

“Mtani kaja na mzigo,” alisema Emosi. “Anahamia?”

Nilipiga makofi kama desturi, nikanywa bakuli langu. Kisha nikaomba kwa kerekere, mbele ya wote: ile mota ya kwenye boti.

Emosi akaweka bakuli lake chini.

“Ile ni ya Suva,” alisema. “Ya kwenu niliipasua, nikatoa shaba.”

“Sijauliza ya kwetu. Naomba ya Suva.”

Alitazama wazee. Hakuna aliyemsaidia. Asenaca ndiye aliyesema, kutoka mlangoni:

“Hiyo ya Suva, binamu – ina skrubu ya cherehani yangu?”

Emosi aliinuka. Alisema sawa, ndugu hanyimwi, anakwenda kuifungua, spana ziko botini. Ametoka kwa mlango wa nyuma. Bakuli limezunguka mara mbili tangu atoke. Asenaca amekuja kukaa juu ya betri, hapa katikati ya wanaume, na hakuna aliyemwambia asikae.

Mvumo. Kutoka gatini – mwembamba, unapanda.

“Ndiyo hiyo?” ameniuliza.

Nimemwambia ndiyo. Vijana wanakimbilia majini, mtu anaita jina la Emosi. Mvumo unaelekea nje ya ghuba, haukatiki. Asenaca ameinua mkono tunyamaze, aisikie.