Mkurugenzi Ni Mimi, Mzee

Alhamisi, jioni. Mkolani, Mwanza.

Asubuhi mvua ilinyesha kwa kushtukiza, kisha jua likatoka kama vile halikuwa na habari. Sasa hivi kuna kiupepo kizuri. Nimekaa kibarazani na kompyuta mapajani, nimechoka ule uchovu mtamu wa mtu aliyemaliza jambo.

Leo nimesema neno nililopaswa kulisema miaka mitatu iliyopita.

Nianze na aibu yangu, maana hapa ndipo mahali pake. Mnaonisoma mnajua nina kampuni ndogo pale Mabatini, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tunatengeneza mfumo wa simu kwa ajili ya wafugaji. Mfugaji anatuma ujumbe kueleza anavyomwona ng'ombe wake, ujumbe unamfikia daktari wa mifugo aliye karibu, na dalili zilezile zikitokea kwenye maboma mengi, majirani wanapewa tahadhari. Wazo lilinijia nikiwa muuzaji kwenye duka la dawa za mifugo. Watu walikuwa wanakuja kununua dawa ng'ombe akiwa ameshakufa, wanataka kuokoa waliobaki. Programu ya kwanza niliiandika mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Deus alikuja mwaka mmoja baadaye, nikamwajiri kwa ajili ya masoko. Kwenye kikao chetu cha kwanza pamoja, katika ofisi moja hapa mjini, mwenyeji alimpa mkono Deus akasema, "Karibu mkurugenzi." Deus akanigeukia. Nikatikisa kichwa kidogo, yaani acha tu, tuendelee.

Tukaendelea miaka mitatu.

Sikumlaumu Deus wala simlaumu leo. Mara mbili aliniambia, "Dada Koku, hili jambo tulirekebishe." Mara zote mbili nikamjibu kwamba wazee wa ng'ombe wanaelewana vizuri zaidi na mwanaume, tusiharibu kazi kwa ajili ya cheo. Niliona ni busara. Na wakati huohuo nilikuwa naalikwa kwenye shule za sekondari kuwaambia mabinti wasiogope kuongoza. Nilikuwa naongea vizuri, wananipigia makofi, halafu narudi ofisini kukaa kiti cha pembeni.

Aliyenizindua ni Mbuke, binti wa ofisini kwetu.

Mbuke ni mzaliwa wa Misungwi, ana miaka ishirini na sita, na kwa kuandika programu ananishinda. Jumatatu nilimwita nikamwambia nataka awe mkuu wa ufundi. Nilitegemea afurahi. Akasema hapana, asante, yuko vizuri alipo. Nikambembeleza. Nikamweleza habari za wanawake na uongozi, maneno yangu yaleyale ya shuleni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema:

"Dada, wewe kampuni ni yako na bado unajificha nyuma ya kaka Deus. Mimi nitajificha nyuma ya nani?"

Nilijifanya naitwa chini, dukani.

Siku tatu hizi lile swali nimekula nalo, nimeoga nalo. Leo tulikuwa na kikao na chama cha wafugaji huko Misungwi. Ndio kikao tulichokitafuta tangu mwaka jana, kwa sababu hawa wakikubali, vyama vingine vitatusikiliza, na wakikataa, habari zitatutangulia kila josho la kuogeshea ng'ombe. Asubuhi kwenye gari nikamwambia Deus, "Leo naongea mimi. Na leo unatambulishwa kwa cheo chako." Akapiga usukani kwa kiganja, akacheka. "Hatimaye!" Mbuke alikuwa kiti cha nyuma.

Tulipokelewa na mwenyekiti, Mzee Masanja, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamnyooshea Deus mkono.

"Mkurugenzi, karibu huku mbele."

Deus hakusogea. Mimi ndiye niliyesimama. Sauti, namshukuru Mungu, ilitoka nzima.

"Mkurugenzi ni mimi, mzee. Kampuni hii nimeianzisha mimi. Ndugu Deus ni mkuu wetu wa masoko."

Mzee Masanja akanitazama, akamtazama Deus, akarudi kwangu.

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi njoo wewe mbele. Maswali yangu ni yaleyale."

Ndivyo tu. Miaka mitatu nimeogopa sentensi hiyo.

Na maswali yake hayakuwa mepesi. Akasema waliwahi kuja vijana wengine na mambo ya simu, wakaandikisha namba za watu, wakapotea. Halafu akauliza, "Mfumo huu wenu ulishawahi kukosea?"

Nilikuwa na jibu lililopambwa, limeandikwa kabisa kwenye karatasi. Sikulisoma. Niliwaambia kwamba ndiyo, umekosea. Ujumbe wa mfugaji mmoja wa huku kwetu Mkolani ulichelewa siku nzima kumfikia daktari, na ng'ombe wake akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Kosa lilikuwa letu. Nilikwenda nyumbani kwake mimi mwenyewe kumweleza. Siku hizi ujumbe usipopokelewa ndani ya nusu saa, mfumo unamtafuta daktari wa pili, na ofisini tunapata taarifa. Nilimwona Deus anafumba macho. Nilijua anawaza kwamba tumekwisha.

Mzee Masanja akawageukia wenzake. Kisha mama mmoja katikati ya ukumbi, wanamwita Mama Kabula, akasimama akaanza kuongea Kisukuma, kwa kasi. Mimi ni Mhaya, Kisukuma changu kinaishia sokoni. Nilishika neno moja moja tu.

Mbuke akainuka.

Akanitafsiria kwa kifupi kwamba mama anauliza, mfumo unataka aandike "homa", lakini yeye hasemi hivyo. Yeye husema ng'ombe ameinamisha kichwa, amevimba chini ya masikio, amekataa majani. Je, simu itamwelewa? Kisha Mbuke akamgeukia Mama Kabula na kumjibu kwa Kisukuma. Akaomba kila mtu ataje maneno anayotumia nyumbani kwake. Wakaanza kupaza sauti kutoka huku na huku, wakibishana, wakicheka, naye anaandika. Mzee mmoja aliigiza ng'ombe anavyosimama akiumwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi, mkurugenzi, nilikuwa nimesimama mbele na sina kazi, na sijawahi kujivunia kukosa kazi kama leo.

"Huyu naye ni nani?" Mzee Masanja akaniuliza.

Cheo alikuwa amekikataa, nisingeweza kumvisha mbele za watu. Mbuke akajibu mwenyewe.

"Mimi ndiye mkuu wa ufundi, mzee. Mfumo ukikosea tena, nipigie mimi."

Wamekubali. Tunaanza na majosho mawili, na maneno yote aliyoyaandika Mbuke yanaingizwa kwenye mfumo kabla ya mfugaji wa kwanza kutuma ujumbe. Hayo ni masharti ya Mama Kabula, na ni masharti ya haki.

Njiani kurudi, Mbuke naye akatoa ya kwake. Anataka kuchagua watu wake wawili, na anataka mmoja wao awe binti anayeanza kazi, amfundishe yeye. "Na usinikagulie kila mstari ninaoandika, dada." Nimecheka, kwa sababu ni kweli nakagua kila mstari. Nimekubali yote. Hilo la mwisho litaniuma.

Nilipofika nyumbani nimempigia mama, Muleba. Siku zote anajua mwanae anafanya kazi kwa bwana mmoja wa Mwanza anaitwa Deus, na mimi sikuwahi kumsahihisha. Nikamweleza yote. Nikamsikia akifukuza kuku.

"Kumbe ofisi ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Na huyo Deus, sasa atafanya nini?"

"Kazi yake ileile. Anaiweza sana."

Akaguna. "Mimi nimemwombea huyo mtu miaka yote akuongezee cheo." Kisha akaanza kucheka, cheko lake lile la kukosa pumzi. "Sasa Jumapili nitawaambia wenzangu jumuiyani. Nitasimama niwaambie."

Mwambie kila mtu, mama. Mimi nimeshaanza.