Karatasi ya Rahel

Ijumaa, 14 Machi 2014
Al-Malqa, Riyadh. Nimepiga deki ghorofa zote mbili za mwajiri wangu, nimekaanga sambusa za wageni, nikajifungia bafuni kabla jua halijazama. Sala kwa sauti ya chini, bomba wazi. Wenzangu wawili wanasali saa hiyo hiyo: Miriamu hapa Riyadh, mtaa wa Malaz, na Rahel kule Jeddah. Sisi ni Wayahudi, kaya chache za mlimani Kenya. Hata Nairobi hawaamini kwamba tupo. Kwenye fomu za ajenti aliyetuleta kufanya kazi za ndani, niliwaambia wenzangu tuandike Wakristo. Nyumbani baba yangu ndiye huongoza sala, basi hawa wamenifanya mimi kiongozi. Nani alinipa ukubwa huu?

Jumanne, 18 Machi
Rahel amepiga kwa simu ya dereva wa nyumba anayofanyia kazi. Madam wake amemnyang'anya yake, na sala zote zilikuwa humo. Nimemwambia aandike anazokumbuka kwa mkono, kwa Kiebrania. Akauliza kama herufi za kawaida hazitoshi. Nikasema sala haiandikwi ovyo. Nilijiona nina busara kweli.

Jumapili, 23 Machi
Dereva amenipigia. Karatasi imepatikana ndani ya foronya. Madam hakuyajua maandishi yale, akasema ni uchawi, Rahel anamroga mtoto wake. Polisi wamemchukua. Hapa watu hufa kwa kesi hiyo. Nimevunja gilasi mbili.

Jumatatu, 24 Machi
Nikisema ile ni sala, itabidi niseme sisi ni nani. Miriamu analia kwenye simu: "Dada Lea, please, ukifungua mdomo umetumaliza sote." Yeye ana watoto watatu. Rahel ana mama tu. Nimewapima hivyo, kama nyanya za sokoni, na naona aibu. Nikampigia baba. Akasema: "Mwanangu, mimi siko huko." Nimemkasirikia sana.

Jumatano, 26 Machi
Nimeshindwa kunyamaza. Nimepiga nyumba ya Aziziya, Jeddah, alikofanya kazi Rahel. Kwa Kiarabu changu kibovu nimesema ile ni sala, mimi ndiye niliyemwagiza aandike. Madam akajibu Rahel ameshasema aliandika peke yake, hakuna aliyemtuma. "Halas, basi!" Akakata. Rahel amenificha, mtoto yule. Nilikuwa nimejipanga kuitaja dini yetu. Ulimi uligoma. Nimepiga tena mara nne. Hapokei.

Ijumaa, 28 Machi
Mama yake Rahel amepiga kutoka nyumbani. Kasikia bintiye ana shida kidogo na polisi, ya kuisha leo kesho. Sikumsahihisha. Amenishukuru kwa kumwangalia mtoto wake ugenini, akasema moyo wake umetulia kwa kuwa Rahel ana kiongozi. Akaomba tusali pamoja. Nikaongoza, naye akaitikia amina kila nilipotua. Kisha nikaenda kupiga pasi.