Kikombe cha Bi Cherehani

Kwako Bonge, ndugu yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Je, hujambo? Na kifua chako, bado kinasumbuliwa na vumbi la hiyo kambi yenu ya kazi? Mwili wangu mzima, ila roho haitulii. Nakaa, nasimama. Basi la chama nimeliosha leo mara mbili na wala halikuwa chafu. Kwa kuwa kambini kwenu simu haishiki, barua hii nampa dereva wa lori linalowaletea mahitaji, naye ameapa kuitia mkononi mwako.

Chama chetu cha kusaidia wazee kipo vilevile tulivyokikuta utotoni: ukumbi uleule, bango lililopauka, na ukutani vile vikombe vya bati, kila mzee na chake. Kazi yangu bado ni kuwachukua asubuhi, waje wale na kupiga soga, kisha niwarudishe makwao. Mama yako, ambaye ukumbi mzima unamwita Bi Cherehani, hukaa kiti cha mbele na kunikosoa ninavyoendesha, ingawa macho yake siku hizi hayamwonyeshi hata usukani.

Unaikumbuka desturi ya vikombe? Mzee akipata mtu wa kumtunza, humkabidhi kikombe chake yule anayesubiri nafasi, mbele ya wote. Wanaosubiri ni wengi. Lakini tusidanganyane, vikombe vingi hurudi kwa msiba.

Jumatatu mama yako aligonga meza kwa kijiko, akasimama. Akasema mwanawe amerudi na humtembelea kila jioni, kwa hiyo ni aibu yeye kuendelea kukalia nafasi ya mtu asiye na mtu. Kikombe akampa mpagazi mmoja mzee aliyekuwa akisubiri siku nyingi. Wazee wakapiga makofi, msimamizi akafuta machozi. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za basi, nikashindwa kupiga makofi. Maana wewe hujarudi, Bonge.

Aliyerudi ni mimi. Kabla ya Jumatatu hiyo, siku yangu ya mapumziko, nilimpelekea mtandio aliousahau kwenye basi. Nilipobisha hodi, akaita jina lako. Unajua sauti zetu zilivyokuwa zikimchanganya tangu tukiwa wadogo. Ndiyo maana nikimfuata na basi huimba ovyo, ili anijue. Siku hiyo sikuimba. Akaja akipapasa ukuta, uso umechangamka kwa namna ambayo sijapata kuiona, nami nikashindwa kumharibia. Nikasema ndiyo, ni mimi. Akanishika mkono, akalalamika kwamba nimekonda mno, huko hawanilishi. Wewe, Bonge, ukonde! Nilitaka kucheka, nikalia. Nilidhani yataishia jioni ileile, lakini alikuwa ameshaniambia kesho atanipikia, nami nikaenda, na kila jioni tangu hapo.

Sasa basi halipiti tena mlangoni kwake. Mchana kutwa yuko peke yake akisubiri jioni, na ameanza kuondoa vitambaa kwenye chumba cha cherehani ili nihamie. Msimamizi nimemweleza ukweli. Amenisikiliza, akasema nafasi imeshakwenda na mpagazi hawezi kunyang'anywa kikombe. Ni kweli, hana kosa yule mzee. Nimempa mama yako jioni za uongo na kumpokonya mchana wake wa kweli. Naona haya hadi hamu ya chakula imeniisha, lakini kwake nakula, kwa sababu anakisikiliza kijiko changu.

Jana akaniuliza habari za Kijiti, yaani zangu mimi dereva wake. Alisema tangu yeye aache kupanda basi, Kijiti hajakanyaga kwake hata siku moja, na hakumdhania kuwa mtu wa namna hiyo. Kelele zake anazikosa. Nilimtetea Kijiti kadiri nilivyoweza, lakini hakulainika. Ameniagiza nimlete Jumapili tule sote watatu, na sahani ya tatu ameshaitoa kabatini.

Basi, wasalimie wenzako wote, na huyo mpishi wenu anayeunguza kila kitu. Lori likigeuza kurudi huku, panda. Jumapili nitafika mlangoni nikiimba, ili mama ajue ni mimi dereva wake, na yale mengine nitamweleza mwenyewe, mezani, wewe ukiwepo. Usipokuja, nitaimba vilevile. Atafungua, atanikaripia, kisha atauliza mwanawe yuko wapi.

Ni mimi ndugu yako,
Kijiti