Shule Nayo Ni Kaya

Kabula, mayu,

Minza anasema barua inaanzaga kwa kuuliza hali. Nimemwambia, nitamuulizaje hali mtu niliyemwosha kwa mikono yangu? Basi hali tuiache. Na wewe ndiye ulipaswa kuniamkia, mimi mama yako, lakini leo nakuamkia mimi. Mwangaluka, mwanangu, ng'wana wane.

Anayeandika ni huyu wifi yako, Minza, mke wa mdogo wako. Mdogo wako mwenyewe yuko Runzewe kwenye maduara, anasema dhahabu iko karibu. Toka ulipokuwa hai iko karibu. Mimi kalamu nimeishika siku ya kupiga kura tu, unajua. Baba yangu alikuwaga anasema ng'ombe hawajasoma na wanazaa. Ndiyo nikakaa bila shule, na wewe ukaenda kuwa mwalimu, ukaja kunifundishia watu kijiji kizima hadi na mimi mwenyewe.

Sasa sikia. Nimekuja kwa habari ya ngitiri. Ngitiri ya shule, nisiseme yako, maana ungenikatiza hapo hapo: "Si yangu mama, ni ya watoto."

Nakumbuka ulivyoanza. Ule mteremko juu ya lambo ulikuwa umebaki mfupa, ng'ombe wamekula hadi mizizi, korongo linapanuka kila masika, na mchanga wote unashuka kwenye lambo tunalokunywa sisi na mifugo. Ukawachukua darasa la sita. Wakapanda minyaa kuzunguka, wakapanga mawe kwenye korongo, wakafunga mlango, hakuna mguu wa ng'ombe humo ndani hadi nyasi zirudi. Kama wazee wetu walivyofungaga ngitiri zao, tofauti ni kwamba hii ni ya shule. Na ile fito yako uliyoipaka rangi mistari mistari, ukaichomeka lamboni. Kila wiki watoto wanaenda kutazama tope limefika mstari gani, wanarudi darasani wanafanya hesabu. Uzio wanaupima kwa kamba, wanarudi wanafanya hesabu. Kiswahili, wanakuja kwa wazee kuuliza zamani hapa palikuwa na miti gani, wanarudi wanaandika. Ulikuwa unarudi nyumbani matope hadi magotini, nakucheka, nasema mwalimu gani huyu, wenzako wanarudi na chaki. Unakaa kwenye kile kigoda unakula michembe na karanga kwa mikono ile ile. Kigoda kipo. Hakuna anayekikalia. Kuku ndiyo anakikalia, namfukuza.

Basi ukaondoka. Kifua kile.

Ulipoondoka, wazazi wakaanza maneno. Walikuwa nayo siku zote ila wewe walikuogopa. Wakasema watoto tumewapeleka wakasome, hatukuwapeleka wakabebe mawe. Siwalaumu sana, Kabula. Watu wa rika la mdogo wako walilima pamba ya walimu hadi mikono ikaota sugu, na darasani hawakupata kitu. Mtu aliyeumwa na nyoka anaogopa kamba. Na mtihani wa darasa la saba uko mbele, kila mtu anautolea macho. Mwalimu mkuu mpya si mtu mbaya, ni mpole, anaogopa wazazi. Akawarudisha watoto kwenye madawati. Pale ngitirini akaweka kibao, wanasema kimeandikwa usilishe hapa.

Sasa ng'ombe wa Mzee Nkwabi watasomaje kibao? Walisomea wapi?

Kiangazi hiki kimekuwa kikali. Malisho yamekwisha, kila penye nyasi pamechimbwa shimo la dhahabu, ng'ombe anaanguka mguu anavunjika. Nkwabi akaiona ile ngitiri imejaa nyasi hadi kiunoni. Vijana wake wakasukuma minyaa upande mmoja, wakaingiza kundi. Mwalimu mkuu akaenda kulalamika, Nkwabi akamwambia sawa, twende dagashida, wazee na kijiji chote wakaamue.

Mimi usiku ule sikulala. Nilijua ikifunguliwa siku moja basi imekwisha. Uzio unakufa, korongo linarudi, na watoto wanabaki kuimba mbele ya ubao vitu ambavyo hawajavishika. Na wewe unakufa mara ya pili. Hiyo ya pili sikuwa tayari kuikubali.

Tukakaa. Wanaume kule, sisi wanawake huku pembeni, unajua ilivyo. Nkwabi akasimama na lile koti lake la msibani, akazungumza vizuri, mtu yule ana mdomo. Akasema ngitiri ni ya kaya. Ukifunga ngitiri, sheria inakulinda kwa sababu wewe ni kaya, tunakujua. Shule si kaya. Akauliza, "Shule ina moto jikoni? Shule ina ng'ombe? Shule inazika?" Watu wakacheka. Hata mimi kidogo nicheke, ulimi wake mtamu.

Lakini lile neno la mwisho, inazika, liliniingia hapa kifuani. Nikajikuta nimesimama. Hakuna aliyenipa ruhusa.

Nikarudi kwenye siku yako, Kabula. Siku tunakuzika. Nilikuwa ndani nimelazwa chini kati ya wanawake, macho yamevimba sioni vizuri. Nje nikasikia miguu mingi inaingia uani. Nikainua kichwa nikachungulia mlangoni. Darasa la sita wanaingia kwa mstari, wasichana ndoo za maji kichwani, wavulana mizigo ya kuni. Walimu wenyewe walikuwa hawajafika. Hakuna aliyewatuma, walifanya kama wanavyoona kaya zote zinafanya. Mama Shija, aliyekuwa anapokea michango, akauliza kama anavyouliza kila mtu: "Hivi ni vya kaya gani?" Mtoto mmoja wa kike akajibu: "Vya shule." Mama Shija akapokea, maji akamimina kwenye pipa, kuni akaweka na kuni za wengine.

Hayo ndiyo niliyowaambia. Nikamwambia Nkwabi, baba, wewe ulihamia hapa kutoka Bukombe. Ulikuja huna shamba, huna ndugu. Tulikuhesabu kaya lini? Si siku ulipojenga. Ni siku ulipobeba maji kwenye msiba wa shangazi yangu, na maji yenyewe yalikuwa ya matope, tukapokea. Hapa kwetu kaya ni anayezika wenzake. Ukikosa msiba unatozwa, ukizidi kukosa tunakutenga, hata moto wa kuwashia hupewi. Shule ilimzika mwanangu. Na zile kuni, Nkwabi, zilikuwa matawi makavu ya ngitiri ile ile. Ugali uliokula siku ile uliivia hapo. Ulikula mara mbili, nilikuona.

Watu wakacheka tena, ila safari hii hawakucheka shule. Ntemi wa sungusungu, aliyekuwa anaongoza kikao, akamwita Mama Shija, naye akasema kweli, nilipokea. Wazee wakatoka pembeni, wakakaa huko muda mrefu, sisi tunahangaika na jua. Wakarudi. Wakasema shule imehesabiwa. Ni kaya kama kaya nyingine. Ngitiri yake ina sheria, itafunguliwa kiangazi kikifika ukingoni, ndama na ng'ombe dhaifu kwanza, wa kila mtu, hata wa Nkwabi. Na Nkwabi atarudisha minyaa aliyoivunja.

Lakini hawakuishia hapo, wazee hawatoagi kitu bure. Wakasema kaya ina haki na kaya ina mzigo. Kila msiba wa kijiji hiki, shule ilete kuni na maji. Ikikosa, inatozwa kama mwingine yeyote, na ikizidi kukosa inatengwa na ngitiri inafunguliwa. Mwalimu mkuu akatoa kitambaa akajifuta. Wazazi wakaanza upya, sasa mtatoa watoto darasani kwenda misibani? Ntemi akasema darasa moja, zamu kwa zamu, wakishusha mizigo wanarudi. Nikaona huyu mwalimu anatetereka. Na shule iko kule juu, kilio cha huku bondeni haikisikii. Nikasema mbele ya wote, habari nitaipeleka mimi.

Na nimeipeleka. Mzee mmoja wa upande wa minazini, yaani pale tunapoita minazini hata mnazi hakuna, alifariki. Nikachukua fimbo yangu nikapanda kile kilima. Nikafika mlangoni kwa darasa, jasho linanitoka, watoto wote wakasimama, "Shikamoo bibi," nikasema marahaba, kuna msiba. Mwalimu mkuu alikuwa na chaki mkononi. Akaangalia ubao, akaangalia watoto, akaniangalia. Nikasema moyoni, akisema subiri, tumekwisha. Akafuta ubao. Akawauliza wale watoto, watu wakija wengi kiasi fulani, na kila mmoja anywe na anawe, tubebe ndoo ngapi? Watoto wakashika daftari. Wakabishana, mmoja akakosea, wakamrekebisha, yule mwalimu naye akasahau uoga wake, anacheka. Halafu wakaenda kubeba.

Mimi nilibaki nimeshika kizingiti cha mlango. Nilikuwa kama nakusikia.

Nkwabi ndiye alikuwa anapokea msibani siku hiyo. Akawauliza kwa sauti yake ile nzito, "Kaya gani?" Wakasema shule. Akamtua ndoo mtoto wa kwanza, halafu wa pili. Minyaa ameipanda, imeshika, ila mstari umepinda kama yeye. Watoto wamerudi kwenye fito yako. Wanasema tope halijapanda.

Wazazi wengine bado wananung'unika, sikufichi. Mtihani ukija mbaya watasema ni ngitiri. Nitawajibu siku hiyo. Nina mdomo, na kazi nyingine sina.

Ahadi yangu ni hii, Kabula. Mradi miguu inanibeba, hakuna msiba kijiji hiki utakaopita shule haina habari. Miguu ikigoma, ataenda Minza. Ameitikia kwa kichwa, amekubali. Andika, Minza, kwamba umekubali.

Nilitaka nikueleze na ya yule kuku, lakini ngoja. Kuna kilio ng'ambo ya lambo. Minza naye amekisikia, ameacha kuandika, nimemwambia amalizie kwanza. Niletewe fimbo yangu hapo nyuma ya mlango.

Lala, mayu. Watoto watapita hapa kaburini kwako na ndoo, usishtuke. Mimi naenda shule.

Mama yako