Malimau ya Kikohozi

Mama Neema wangu, pokea salamu za Endabash, huku Karatu. Nilikuficha: sikuja kuona tembo wa Ngorongoro, nilikuja kusafisha kisima chenye sumu ya aseniki. Malimau uliyonifungia ya kikohozi nimeyakamulia kwenye chupa za maji, nikazilaza juani kutwa. Mwanga uliibadili sumu, ikashikana na kutu ya chuma iliyomo kwenye maji, ikatuama, tukachuja. Maabara ikasema ni salama, lakini akina mama waligoma kuyanywa. Bibi mmoja akacheka: “Mwalimu, mwenye pombe huonja kwanza!” Nikamaliza bilauri nzima, vigelegele vikapigwa. Leo ndoo zimepanga foleni. Wasalimie wajukuu, mpenzi. Daktari aliniambia mvua za masika sitaziona. Ndiyo maana sikungoja.