Mahindi ya Chumbani kwa Mama

Mpendwa Baba Ndanu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mgongo umepoa, au bado unabeba saruji hapo dukani Malili kama kijana wa juzi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekataa kutulia. Nimeandika kwa mkono nikakutumia picha ya barua, kwa sababu kwenye simu nikianza kulia wewe huanza kunituliza, na leo sitaki kutulizwa. Nataka usome mpaka mwisho.

Unajua masomo yangu haya yana wasimamizi wawili. Profesa mmoja ni wa ukungu wa mahindi, mwingine ni wa mila za watu, nami niko katikati nikitafuta ni kwa nini watu wa Kitui na Makueni huvuna vizuri kisha chakula kinageuka sumu ndani ya nyumba. Mshika mbili moja humponyoka, na tangu nije huku nimeogopa zitaniponyoka zote. Sasa hofu hiyo naiona mchezo.

Unakumbuka nilipokuja nyumbani kukusanya mahindi ya kupima, kuanzia Kambu mpaka kwetu Matinyani. Mama alikasirika nilipopita mlango wake. "Ai, mwiitu wakwa, binti yangu! Utapima ya watu wote uache ya mama yako? Ama yangu ni machafu?" Nikachota kikopo kimoja, kumfurahisha tu. Juzi majibu yalitoka maabarani, na mahindi ya mama ndiyo mabaya kuliko yote.

Profesa wa ukungu aliniambia nirudie kipimo. Nilirudia, majibu yakawa yale yale. Yule wa mila aliniuliza swali moja: yaliwekwa wapi? Wewe unajua. Ghala la jirani lilipovunjwa, mama aliogopa wezi, akavuna kabla mahindi hayajakauka, akapanga magunia chumbani mwake, sakafuni kando ya kitanda, na dirisha akalifunga.

Sumukuvu, hiyo sumu ya ukungu, haina rangi wala ladha, na moto wa jiko hauiui. Inakula ini. Na Ndanu wetu, tuliyemwacha kwa mama, anakunywa uji wa mahindi hayo kila asubuhi.

Nilimpigia mama. Lakini si unajua simu yake huwa ya sauti kubwa, kila mtu asikie mtoto wa ng'ambo akiongea? Akina mama wa kanisa walikuwa hapo. Niliposema neno sumu, mama akacheka.

"Huyo profesa wako amewahi lala njaa? Yale yameoza nitachagua nipatie kuku. Hii ingine nitatwanga itoke maganda, nipike muthokoi. Chakula haitupwi, Mumbua." Halafu, kama kitu kidogo tu, akaongeza: "Hata huyu mtoto wako siku hizi anakataa kukula, ati tumbo. Ni kukumiss tu." Akakata simu.

Baba Ndanu, sidhani tumbo hilo ni la kunikosa mimi.

Najua ninachokuomba. Tangu tuoane hujawahi hata kupita mbele ya mlango wa chumba kile. Ukienda unakaa kiti cha karibu na nje, na mama akikuona njiani anazunguka kwa shamba. Nthoni ni nthoni, mkwe na mama mkwe hawakaribiani, na kwenu Bungoma heshima ya mkwe ni kali hata kuliko yetu. Lakini sina ndugu wa kiume, na nikimtuma jirani, kufikia siku ya soko Matinyani nzima itakuwa inasema mama analisha watu sumu. Yule profesa wa mila aliposikia habari hii alishika kalamu aandike. Nilitoka nje kabla sijamkosea adabu.

Nenda kesho. Beba mahindi makavu kutoka hapo Malili, usifike mikono mitupu, kwa maana mama hawezi kulala na chumba kitupu. Kwanza mchukue mtoto. Mtazame macho kama yamekuwa ya manjano, na hata kama anacheza mpeleke hospitali. Mama naye apimwe. Kisha mwombe yale magunia kwa upole, ukiwa nje. Akikubali yatolewe, Mungu ashukuriwe. Akikataa, ingia. Usiwape kuku, maana hata kuku tutamla. Afisa wa kilimo atakuonyesha namna ya kuyaharibu.

Ninaogopa sana. Naogopa nimechelewa. Naogopa mama hatanisamehe, wala hatakubali tena ukae hata kile kiti cha karibu na nje. Lakini nthoni ikivunjwa hutolewa mbuzi, wazee wakala, mambo yakaisha. Ini la mtoto halitengenezwi na mbuzi. Yeye ndiye wa kwanza, aibu tutaibeba baadaye.

Msalimie wifi yangu, dada yako, umwambie akufungie chakula cha njiani. Mwenye duka nisalimie pia, na akikunyima ruhusa nipe namba yake. Ndanu mbusu kwenye paji la uso, pale anapopangusa kila akibusiwa. Na mama msalimie sana, sana. Lakini salamu zake umpe ukiwa tayari na gunia la kwanza begani.

Ni mimi mkeo, niliyekaa na simu mkononi,

Mumbua, Mama Ndanu